Nani Aliyeficha Ripoti ya Dada?

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Kidole aliruhusiwa kuchora kwenye kompyuta ya nyumbani mpaka dada yake arudi kutoka chuo cha uuguzi. Jina hilo alipewa na dada huyo huyo, kwa sababu hakuna kitufe alichowahi kukiona akakiacha bila kukibonyeza. Kompyuta ilikaa sebuleni, na nyumba nzima iliitumia. Mama aliweka humo vipimo vya wateja wake wa kushonewa nguo. Binamu, aliyekuja kukaa nao akitafuta kazi, aliandikia maombi yake. Dada aliandikia ripoti ya mwisho, juu ya uuguzi wa vidonda, na bila ripoti hiyo hangehitimu.

Alhamisi jioni Dada alifungua folda ya ripoti. Ilikuwa tupu. Akatazama kwenye flashi, alikoweka nakala. Nako hakukuwa na kitu.

"Kidole, njoo hapa."

"Mimi sijafuta kitu, Dada."

"Nani kakwambia kimefutwa?"

Kidole akatazama miguu yake. Dada akamgeukia Binamu, aliyekuwa akipiga pasi shati.

"Wewe ndiye unayeshinda hapa peke yako mchana kutwa."

"Naandika maombi ya kazi. Ripoti ya vidonda nitaifanyia nini, niivae?"

"Labda ulitaka nafasi ya kuweka miziki yako."

Kidole naye alianza kumshuku. Juzi alimkuta Binamu akitazama kitu kwenye skrini, na alipomwona tu akakifunga upesi. Alipomnong'oneza Dada habari hiyo, Dada alichomoa kipanya akakitia mkobani, mtu asiitumie tena kompyuta. Chakula kililiwa kila mtu akimwangalia mwenzake kwa pembe ya jicho. Walipomaliza, Binamu alianza kukunja nguo zake.

"Kesho narudi kwetu, Shangazi," alimwambia Mama. "Siwezi kukaa mahali ninapohesabiwa mwizi."

Mama akamsihi angoje. Asubuhi alimwita jirani yao, mwanamke fundi wa kompyuta. Fundi alikaa, akabonyeza hapa na pale, akasema, "Hakuna aliyefuta. Mafaili yamo, ila yamefichwa."

"Yamefichwa na nani?" Dada aliuliza huku akimtazama Binamu.

"Na kirusi. Mwache kijana wa watu."

Akaiamuru programu ya kukinga virusi ikague kompyuta nzima. Majina ya mafaili yenye kirusi yakaanza kujipanga kwa rangi nyekundu.

"Futa yote," Dada alisema.

"Taratibu. Ukifuta kwa hasira, ripoti nayo itakwenda." Fundi aliyafichua kwanza mafaili yaliyofichwa, akaitambua ripoti, akaitenga. Kisha akaondoa yale yaliyoambukizwa tu. Dada akashusha pumzi, akachomeka flashi yake apate nakala mpya. Papo hapo folda ikawa tupu tena.

Fundi akaegemea kiti. "Hapa kuna jambo ninalofichwa. Programu hii huonya kabla kirusi hakijaingia. Leo imenyamaza. Nani kainyamazisha?"

Kidole alijua kwamba akisema, ruhusa ya kuchora imekwisha. Akamtazama Binamu, ambaye mfuko wake wa nguo ulikuwa mlangoni.

"Ni mimi," alisema. "Dada akirudi hunipa flashi niichomeke, yeye akaoge. Lilikuwa linatokea onyo jekundu, linafunika mchoro wangu. Nikawa nalifunga. Mwishowe nikachagua pale palipoandikwa lisionyeshwe tena."

"Kwa nini hukusema jana?" Dada aliuliza.

"Ulikuwa umekwisha kumpata wa kulaumiwa."

Fundi akarudisha onyo, akaikagua flashi kabla ya kuifungua, na kirusi kikaonekana humo. "Flashi hii inatembea wapi?"

"Duka la kuchapishia, karibu na chuo," Dada alijibu polepole. "Kila siku."

Flashi iliposafishwa na kompyuta kukaguliwa upya, ripoti ilitokea, kurasa zote. Dada hakuishangilia. Alimwendea Binamu.

"Nisamehe, ndugu yangu. Lakini juzi ulikuwa unaficha nini?"

Binamu akakuna kichwa. "Nilikuwa najifunza kufunga tai. Ya usaili."

Hata Mama alicheka. Kisha akawaketisha binti zake.

"Wewe mdogo, onyo likikukera, lisome au mwite mkubwa. Ukikosea, sema mapema. Ungesema jana, mwenzako asingekunja nguo hata moja. Na wewe mkubwa, ulimshuku mgeni wetu kabla ya kujikagua mwenyewe. Kirusi kimekuchezea mafaili, lakini hili la kumhesabu mtu mwizi umelifanya wewe."

Dada akainama, akauchukua mfuko wa Binamu, akaurudisha chumbani. Kisha akaenda chuoni kukabidhi ripoti yake.