Mwanga Haujumlishwi

Nawe uligeuza uso, usinikatalie. Mwenzako akichekwa darasani kwa kusema kweli, wewe hukumbuka ghafla kuchonga penseli. Mimi sisahau. Sikiliza.

Asubuhi ile Kidomo, msichana aliyebandikwa jina hilo kwa kupenda kuuliza, alifuta ubao kama kawaida yake. Mwalimu wa sayansi akarudisha mtihani wa kumchagua mwakilishi wa shule kwenye mashindano. Swali la mwisho lilikuwa hili: abiria wa treni inayokwenda anamulika tochi mbele, aliyesimama kando ya reli akiupima mwanga huo, atapata kasi gani?

Wote walijumlisha kasi ya treni na ya mwanga. Kidomo peke yake aliandika, "Ileile ya mwanga. Haiongezeki." Akawekewa alama ya kosa kwa wino mwekundu.

"Twendeni uani," mwalimu akasema. Wenzake wakampandisha Kidomo mkokotenini, wakausukuma, naye akarusha mpira mbele. Ukaenda mbali kuliko alipourusha akiwa amesimama chini.

"Umeona? Kasi hujumlishwa."

"Ya mpira, ndiyo, mwalimu. Ya mwanga, hapana."

"Mpira ukubali, mwanga ugome?" mmoja akadakia. "Kwani una chama cha wafanyakazi?" Uani kukawa vicheko vitupu.

"Futa, uandike jumla, nafasi ya mashindano iwe yako," mwalimu akamwambia kwa upole.

"Siwezi, mwalimu. Nitakuwa nimedanganya."

Shoga yake wa dawati moja alikuwa akitazama viatu vyake. Walikuwa wamesoma pamoja sura ya mwisho ya kitabu cha sayansi, ile ambayo kila mwaka darasa huishia njiani kabla ya kuifikia. Akainua uso.

"Hata mimi niliisoma sura ya mwisho, mwalimu, inasema hivyo. Niliandika jumla kwa kuogopa kuchekwa."

Mwalimu akaegemea mkokoteni, akafungua kitabu, akasoma. Kisha mabega yakamshuka, akacheka.

"Kumbe! Kila anayeupima mwanga hupata kasi ileile. Kinachobadilika ni wakati: saa iliyo safarini huenda polepole ikipimwa na aliyesimama. Mikokoteni yetu inajikokota mno, ndiyo maana hatuoni tofauti. Mwanangu, nimekukosea. Nafasi ni yako. Nanyi nyote mshike hili: ukweli haupigiwi kura."

Kidomo akauokota mpira. Shoga yake akamkumbatia hadi mpira ukamponyoka.

Na wewe? Kitabu chako nacho kina sura ya mwisho. Ifungue leo, si kesho. Na mwenzako akichekwa, weka hiyo penseli chini. Simama!