Kompyuta Iliyofunikwa Kitambaa

Mama Pindo alikuwa mshonaji, na mumewe mwokaji mikate. Kwenye chumba chao cha mbele, karibu na cherehani, ilikaa kompyuta. Humo Mama Pindo alihifadhi michoro yake ya kukatia nguo, kazi ya miaka mingi. Nakala nyingine hakuwa nayo.

Kompyuta ikaanza kusuasua. Ukiiwasha, ungeweza kunywa chai ukamaliza kabla haijaamka.

"Imechoka hii," mwokaji alisema kwa huruma. "Tuipumzishe."

Akaifunika kitambaa ikiwa bado inawaka, kama alivyozoea kufunika unga uliokandwa. Haikuumuka. Ilipata moto, ikazimika.

Mama Pindo machozi yalimlengalenga. Michoro yake je? Akaenda kumwita jirani yao, mama mmoja mkutubi.

"Shemeji," mkutubi alisema akiifunua, "kompyuta si donge la mkate. Inataka hewa."

Walingoja ikapoa, ikawaka.

"Chombo ni kizima," alisema. "Kilichozeeka ni mfumo endeshi, ile programu kuu inayoongoza nyingine zote. Waliouunda wameshaacha kuuhudumia. Sisi maktaba tumehamia Linux. Huo ni mfumo huria. Yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuuchungulia ndani, kuurekebisha na kumpa mwenzake."

"Kautengeneza nani?"

"Watu wengi, shoga yangu, wa kila pembe ya dunia. Wengine hawajaonana hata siku moja."

Mama Pindo alishangaa. Yeye na mumewe, ndani ya nyumba moja, walikuwa wameshindwa kukubaliana rangi ya pazia.

Mkutubi akachomeka flashi. Mfumo mpya ukafunguka kutoka humo, bila kugusa kilichokuwa ndani ya kompyuta.

"Si ndiyo huo?" mwokaji alisema. "Bonyeza hapo pa kusakinisha, tumalize."

"Taratibu, shemeji. Ukichagua hapo, diski inafutwa yote. Kwanza tunakili michoro kwenye diski ya nje. Kisha tufungue nakala tuone kama ni nzima. Ndipo tuhame."

Wakanakili. Mama Pindo akafungua nakala mwenyewe, mchoro baada ya mchoro, kwa programu huria ya kuchorea. Herufi chache zilibadilika sura, lakini vipimo vilikuwa vilevile. Moyo wake ukatua.

"Haya, tuhame," alisema.

Mkutubi akasakinisha mfumo mpya, kisha akairudisha michoro ndani. Printa iliwasumbua kidogo, wakairekebisha. Kompyuta ileile kuukuu sasa ilifunguka upesi. Mama Pindo akaizima, akaiwasha tena ahakikishe.

"Watu nisiowajua nawashukuruje?"

"Toa na wewe ulicho nacho," mkutubi akajibu.

Mama Pindo akaweka mtandaoni mchoro wa gauni la mtoto, ule aliojivunia kuliko yote. Akaandika kwamba yeyote autumie, aubadilishe, ampe na mwingine.

Baadaye ikaja picha kutoka kwa mshonaji wa nchi ya mbali. Mtoto alikuwa amevaa gauni lile. Mikono ya gauni ilikuwa imerefushwa, kwa sababu kwao kuna baridi.

Mama Pindo alimwita mumewe. Wakasimama mbele ya kioo cha kompyuta, wakimtazama mtoto wa watu.

"Limemkaa," mwokaji alisema kwa sauti ya chini.