Ndoo Kavu ya Régis

Jamani, ninyi mnaoishi na ulevi ndani ya nyumba mkiuita kazi, hadithi hii ni yenu. Sogeeni.

Asubuhi moja ya Oktoba, katika kijiji kimoja cha Burgundy, Ufaransa, Solange Perrodin alikuwa akiimba. Angeachaje? Sebule nzima imejaa makasha: jibini, maini ya bata kwenye mikebe, asali, haradali, na mvinyo juu ya mvinyo, vyote vikingoja safari ya Osaka, Japani. Mumewe, Régis, ndiye aliyezunguka kwa wakulima akionja na kuchagua. Na leo mteja wao mkubwa, Bwana Kuramochi, anakuja mwenyewe!

"Mama, gari lake limefika kanisani!" binti yao Maëlle alipiga kelele dirishani.

"Kimbia ukampokee! Régis! We Régis, uko wapi?"

Régis alikuwa ghalani chini, eti anaonja. Solange aliteremka, na furaha ikamwishia kwenye ngazi. Chupa kadhaa zilikuwa wazi, na ndoo ya kutemea ilikuwa kavu kabisa.

Ndugu msomaji, nielewe hapa. Mwonja mvinyo husukutua, kisha hutema. Akimeza, ikifika adhuhuri hajui tena tofauti ya mvinyo na maji ya kuoshea vyombo. Régis alikuwa anameza mwaka mzima, na Solange alijua. Alijua, akanyamaza, akiwaambia majirani kwamba mumewe amechoka na safari.

"Tema, Régis. Mgeni yuko mlangoni."

"Niteme kitu kizuri hivi? Dhambi, mke wangu! Acha ushamba."

Huko juu, mgeni aliomba wafungue chupa moja ya shehena yake. Régis akamimina kwa mbwembwe, akameza, akafumba macho. "Ah! Matunda meusi! Nilipouonja tu nilisema, huu ni wa Bwana Kuramochi!"

Kuramochi akanusa glasi yake, akairudisha mezani bila kuonja. Solange naye akaonja. Siki! Siki tupu, makasha kwa makasha, na kila chupa ina jina la biashara yao.

"Mwambie, Solange," Régis alicheka. "Si mzuri?"

Maëlle alimkodolea macho mama yake. Uongo wa neno moja tu ungeifunika aibu hadi Osaka.

Solange akatema. "Umechachuka. Mume wangu ni mlevi, Bwana, na mimi nimemfichia. Usiuchukue, nakuomba."

"Unanivua nguo mbele ya mgeni!" Régis alinguruma. Akaonja tena, na tena, akiitafuta siki ile asiipate. Hapo ndipo alipokaa chini akalia.

Bwana Kuramochi akasema kwa upole, "Mama, mimi sikuja kununua chupa. Nilikuja kununua ulimi ninaouamini. Twende ghalani, unichagulie wewe."

Wee! Walichagua mpaka jioni, Solange akionja na kutema, akicheka huku machozi yanamtiririka. Régis alikubali kupelekwa hospitali. Siku hizi anafungasha jibini, na mtu akimuuliza mvinyo gani ni mzuri, hujibu, "Muulize mke wangu."

FUNZO

Ulevi hata ukivaa nguo za kazi ni ulevi. Nawe unayemfichia mwenzako, usijidanganye kwamba unamsitiri, unamzamisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Semeni mapema, jamani, mtu wenu angali anasikia ladha.