Sauti ya Pili Kwenye Kaseti ya Baba

"ZIMA HICHO KITU!"

Mume wangu aliingia mbio kwenye nyumba ya watu, akachomoa waya wa umeme ukutani. Jasho linamtiririka, na nje theluji!

Spika zikanyamaza. Marehemu baba yangu akakatishwa katikati ya maneno...

Jamani, ngojeni niwarudishe nyuma.

Naitwa Viorica, wa mji wa Timișoara. Baba yangu, mzee Anghel, alinisusa miaka tisa kisa niliolewa na Emil, fundi redio. Alipofariki tukahamia kwenye fleti yake. Siku ya arobaini tukagawa vitu vyake, sadaka ya roho yake. Emil ndiye aliyechagua. Lile zulia zito la sufu lililofunika ukuta mzima wa sebule akampa jirani wa juu, Bibi Saveta.

Wiki iliyofuata nikaokota kaseti nyuma ya redio ya baba.

"Viorica, mwanangu..."

Nililia kama mtoto! Miaka tisa sijaitwa mwanangu.

Lakini baada ya hapo maneno yalivurugika, yanagonga kuta na kurudi. Na nyuma ya baba kulikuwa na sauti nyingine. Nzito, ya chinichini. Nikaanza kuogopa kukaa sebuleni peke yangu. Hata bomba la maji likinguruma, nashtuka.

"Emil, kuna mtu mwingine humu ndani!"

"Amplifaya hiyo imechoka, Vio. Nunua mpya."

Nikanunua. Wapi!

"Basi waya. Chukua zile nene."

Nikauza hereni za marehemu mama. Wapi!

Najua mnauliza, hedifoni je? Emil alisema kaseti kuukuu haisikiki vizuri humo. Nikaamini. Si ndiye fundi?

Siku Bibi Saveta aliposhuka kulalamikia kelele, alisimama katikati ya sebule, akapiga makofi mara moja.

Paa! Kuta zikamjibu.

"We binti, unahangaika na waya? Waya ni mwisho kabisa! Kwanza chumba, kuta tupu hizi ndizo zinazorudisha sauti. Halafu uziweke spika mahali pake. Ukishindwa hapo, ndiyo ubadilishe spika zenyewe. Mumeo fundi mzima hakukwambia?"

Hakuniambia...

"Bibi, naomba unirudishie zulia."

"Thubutu! Sadaka ya marehemu hairudi. Unataka baba yako akae kwenye sakafu tupu huko aliko? Beba mitambo yako, twende kwangu."

Nikabeba. Mbele ya zulia la baba, ukutani kwake, sauti ikatulia. Kila neno likakaa peke yake. Na ile sauti ya pili ikasema wazi:

"Moja, mbili... Redio imepona, baba. Inarekodi."

Alikuwa Emil!

Emil aliyeniapia mbele ya kaburi kwamba hajawahi kukanyaga kwa baba!

Baba akaanza kumjibu, na hapo ndipo Emil, aliyetusikia tokea ngazini, alipoingia na kuchomoa waya.

"Umeme wa humu nalipa mimi!" Bibi Saveta akafoka, akachomeka tena.

Baba akaendelea.

"Nilikukosea, Emil. Nenda kaniletee Viorica. Leo, mwanangu. Kifua kinanibana."

"Nitamleta kesho, baba."

"Haya. Basi sifungi mlango."

Kanda ikaendelea kuzunguka.

"Emil... hiyo kesho ilikuwa lini?"

Akakaa chini, kichwa mikononi.

"Niliogopa, Vio. Miaka tisa ananiita mbwa. Nikaona mkipatana, hutanihitaji tena. Nikasema kesho... ikawa kesho nyingine. Halafu wakanipigia simu kwamba amekufa."

Bibi Saveta alikuwa ameshika mdomo.

"Mimi ndiye niliyemkuta," akasema polepole. "Mlango ulikuwa wazi. Tulidhani ni wezi! Kumbe... Alikuwa amekaa kwenye kiti, amevaa koti lake la kanisani. Kiti amekigeuza, kinatazama mlangoni."

Emil aliondoka jioni ileile na begi moja. Sikumzuia.

Najua kwenye komenti mtamtukana, na anastahili. Lakini naomba mnibakizie na mimi kidogo. Miaka yote tisa nilikuwa nakaa mitaa miwili tu kutoka kwa baba, na miguu ninayo.

Kama kuna mzazi mliyenuniana naye, usisubiri mtu akuletee salamu. Vaa viatu, uende mwenyewe.