Perpétue Amwambia Mwalimu

Kila asubuhi Perpétue, msichana wa miaka kumi na miwili wa mtaa wa Katindo, alijaza maji bidoni mbili, akavaa sare, kisha akaenda shuleni. Zamani alikwenda na rafiki zake, wakicheka njia nzima. Sasa, kwa wiki mbili, alitembea peke yake. Wakati wa mapumziko aliketi nyuma ya darasa juu ya jiwe jeusi la volkano. Wenzake walimwita kuruka kamba mara mbili, tatu, halafu wakaacha kumwita.

Siku moja mwalimu wake, Madame Julie, aliketi kando yake. Alimwuliza kwa nini hachezi tena na wenzake.

"Madame," Perpétue alinong'ona hatimaye, "jirani yetu, Papa Samy, alinishika kwa nguvu, akanitendea ubaya. Alisema hakuna mutu atakayeniamini."

"Mimi ninakuamini, mwanangu. Kosa ni lake, si lako."

Mwalimu alimwita mama yake Perpétue, wakaenda wote hospitali siku hiyohiyo. Daktari alimpima taratibu, akimwomba ruhusa kila mara. Alimpa dawa na kuandika cheti cha ushahidi.

Jioni baba mdogo wa Perpétue, Anastase, alifika nyumbani kwao.

"Samy analeta mbuzi wawili. Tupokee, yaishe. Tukienda tribinali mbele ya majaji, mtaa mzima utatucheka."

Chumbani, Perpétue alisikia kila neno. Hakuwahi kujiona mpweke kiasi hicho. Kisha akasikia sauti ya mama yake.

"Mutoto wangu habadilishwi kwa mbuzi. Kesho tunashitaki."

Wakili Bénita, wa shirika linalosaidia watoto bila malipo, aliwapokea. Alieleza kwamba sheria hairuhusu kosa kama hilo kumalizwa nyumbani, na kwamba majaji wanaweza kumsikiliza Perpétue milango ikiwa imefungwa, bila watu kutazama.

"Ukichoka, uniambie, tutapumzika," alimwambia Perpétue.

Samy alikamatwa. Kesi ilichukua miezi mingi. Majirani wengine waliacha kuwasalimu, na mara nyingi Perpétue alilia. Kila Jumatano alizungumza na mshauri. Mwishowe tribinali ilimhukumu Samy kifungo.

"Sasa nitasahau?" Perpétue alimwuliza wakili walipotoka.

"Pengine hutasahau. Lakini huubebi tena mzigo huu peke yako. Mtoto akitendewa ubaya, amwambie mtu mzima. Huyo asiposikia, amwambie mwingine, na mwingine tena, mpaka asikilizwe. Aibu ni ya aliyetenda."

Perpétue alimshika mama yake mkono. Walirudi Katindo wakipita katikati ya majirani, bila kuinamisha vichwa.