Sili Wanaozama Horini

Tukummeq alisikia mashua ya kaka yake ikitia nanga horini, mkono wa bahari katika nchi ya barafu ya kaskazini. Akatoka mbio na beseni la nyama. Mashua ilikuwa tupu.

"Sili amezama tena, dada," Qillaq alisema. "Nimempiga risasi vizuri, lakini kabla sijamfikia akaenda chini kama jiwe."

"Huyo wa tatu! Unatulisha sisi au unalisha papa?"

Qillaq hakucheka. Mume wa Tukummeq alikuwa amefariki mwaka huo, na Qillaq alihama kutoka visiwa vya nje ili amwindie dada yake sili, wanyama wa baharini wenye nyama na mafuta. Sasa kiangazi kilikuwa kinaisha. Bila nyama ya kukausha, majira ya baridi yangewaua mbwa wao wa kuvuta mizigo thelujini kwa njaa.

Jirani yao Ivik, mpima maji ya bahari, akaja nyumbani kwao kunywa kahawa, akasikia kisa cha sili.

"Ulimpigia wapi?" aliuliza.

"Pale barafu ya mlimani inapoyeyukia horini."

"Ulimchoma kwanza kwa chusa, ule mkuki wa kamba?"

"Kwetu tunapiga risasi kwanza. Sili anaelea tu."

"Kwenu maji yana chumvi, bwana."

Ivik akakoroga chumvi nyingi katika mtungi wa kioo. Juu yake akamimina polepole maji ya kunywa. Kisha akatia yai. Likazama, likakwama katikati.

"Maji ya barafu hayana chumvi," alisema. "Ni mepesi, hukaa juu kama kifuniko. Sili wa kiangazi amekonda. Maji hayo hayawezi kumbeba."

"Ni hapa horini tu?" Tukummeq aliuliza.

"Hata bahari kuu. Huku kwetu maji ya chumvi yakipoa huwa mazito, huzama, huenda kusini kwa chini. Maji ya joto kutoka kusini huja kwa juu kushika nafasi yake. Barafu ikiyeyuka mno, kuzama kunapungua na mzunguko wote unadhoofika. Hata mvua za nchi za mbali zinaweza kubadilika."

"Mzunguko umeshasimama?" Tukummeq aliuliza.

"Bado, tushukuru. Ndiyo maana tunapima."

Kesho yake Tukummeq alimpa kaka yake chusa la marehemu mumewe, lenye kamba na boya. Qillaq akamnyemelea sili kwa kayaki, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja. Akachoma kwanza, ndipo akapiga risasi. Sili akazama kidogo, boya likamzuia.

Tukummeq alimpelekea Ivik ini likiwa bado na joto. Qillaq naye akakubali kumshushia Ivik majini kifaa cha kupima chumvi kila aendapo kuwinda.

Siku hiyo Tukummeq alikula akashiba, mara ya kwanza tangu msiba.

"Asante, kaka."

"Mshukuru shemeji," Qillaq alisema. "Kamba aliisuka mwenyewe, na haikukatika."