Chirau Aliyepima Undugu kwa Setilaiti

Wenzangu wa Msambweni, na nyinyi wa Ukunda mnaojiona mmestaarabika kwa sababu ya taa mbili za barabarani, ambazo moja haiwaki, sogeeni. Kisa hiki hakikutokea mbali. Ukipiga chafya kwenu, wenye kisa watakujibu "Afya!" kutoka kwao.

Palikuwa na kisima. Hakikuwa na jini wala hakikuponya vigaga. Kilikuwa kisima tu, chenye maji matamu. Kilikuwa kati ya nyumba mbili za ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, Chome mkubwa na Chirau mdogo. Marehemu baba yao aligawa shamba nusu kwa nusu kwa safu ya minyaa, ile miti ya ua isiyo na majani, ambayo utomvu wake ukikuingia jichoni utajuta kuwa na macho. Kisima kiliangukia upande wa Chome, hatua chache tu kutoka kwenye ua. Lakini mzee aliacha kilango pale ili wa upande wa pili wapite bila kubisha. Na chini kabisa kisimani alilaza jiwe la matumbawe. "Hapo ndipo mwisho," aliwaambia wanawe. "Maji matamu yamekaa juu ya maji ya bahari kama tui juu ya mchuzi. Atakayepita jiwe hili atakunywa bahari."

Kila asubuhi Kanze, mke wa Chirau, na Mwanarusi, mke wa Chome, walivuta kamba moja.

"Vuta, Kanze, vuta! Jana ulikula nini, hewa?"

"Nilikula mchuzi wako, dada. Ndiyo maana sina nguvu."

Basi walicheka hata maji yakamwagika, wakateka tena. Nani angewakemea? Maji yalikuwepo.

Sasa njooni kwa Chirau. Alikuwa baharia katika mashua ya kuvulisha watalii huko Diani, wale wanaolipa pesa nyingi kumvua samaki wasiyemla. Mwaka huo wa tisini na tisa, mtalii mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia jipiesi yake kuukuu, kidude cha kushika mkononi kinachosikiliza setilaiti na kukuambia uko wapi duniani. Kwenye mashua Chirau alikuwa amekiona kikiwafikisha penye samaki, mahali ambapo jicho halioni ila maji. Alikiamini kuliko alivyomwamini kaka yake.

Jioni ya kwanza alikaa nacho sebuleni, chini ya makuti. Kikaandika kwamba kinatafuta. Kikatafuta hata wali ukapoa. Akakipiga kofi. Akatoa betri, akazisugua kwenye shuka, akazirudisha. Akazing'ata, maana kuna mtu alimwambia betri iliyong'atwa huamka. Kikaendelea kutafuta. Kesho yake Tobias, baharia mwenzake kutoka bara, alimcheka mpaka akashika tumbo.

"Maze, hiyo kitu lazima ione mbingu! Ukiificha ndani ya makuti itaona nini, mende?"

Tangu siku hiyo Chirau akawa anasimama uani, kidude juu, uso juu, mbali na minazi. Kanze akamtazama akiwa na mwiko mkononi.

"Mume wangu, dua gani hiyo ya mkono mmoja?"

"Nyamaza. Napima."

Alikuwa akipima shamba. Jamani, mashine haikumletea kijicho. Kijicho alikuwa nacho tangu utotoni, tangu Chome alipokuwa akipewa paja la kuku na yeye shingo. Mashine ilimpa namba tu za kukitembezea. Alipima kutoka barabarani mpaka kwenye minyaa, kisha kutoka kwenye minyaa mpaka mwisho wa shamba la Chome. Upande wake ukatoka mfupi. Mfupi sana! Kwa hesabu ile mpaka ulitakiwa usogee, na ukisogea, kisima kinakuwa cha Chirau.

Akavuka kilango hata salamu hakutoa.

"Kaka, umenila muda mrefu. Leo umeonekana."

Chome alikuwa akisuka kamba. Hakuinua kichwa. "Nimekula nini chako?"

"Ardhi. Setilaiti imepima."

"Baba alipima kwa kamba ya kumbi. Ncha moja nilishika mimi, ncha nyingine ulishika wewe, kamasi zikikutoka. Umesahau?"

"Kamba huvutika. Hiki hakijui nani mkubwa nani mdogo."

"Basi ndiyo maana mmependana, nyote hamna adabu. Toa hicho kitu uani kwangu kabla sijakitia chooni. Huko kitapima vizuri kimo chako."

Wazee wakaitwa kusuluhisha. Na hapa, wenzangu, tusitazame pembeni, maana baadhi ya wazee hao ni baba zetu. Chirau aliwapitishia kidude mkono kwa mkono. Hakuna hata mmoja aliyekielewa, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuonekana mshamba. Mmoja akakigeuza, akakitazama mgongoni, akasema, "Naam. Kitaalamu." Wengine wakaitikia, "Kitaalamu." Wakanywa chai, wakaenda zao. Mpaka leo sijui waliamua nini, lakini Chirau alielewa kwamba ameshinda.

Ijumaa, Chome alipokwenda msikitini, Chirau hakwenda. Alishika panga na jembe, akaikata minyaa yote, akang'oa na visiki, kwamba kesho asije mtu akasema mpaka ulikuwa hapa au pale. Utomvu ukamrukia jichoni. Akalia kama aliyefiwa, akaoga maji ya kisima kilekile, na jicho likavimba mpaka likafunga. Kwa jicho lililobaki akakizungushia kisima boma la miiba.

Mwanarusi alikuja na ndoo, akasimama nje ya miiba.

"Kanze. Ndio nini hiki?"

Kanze alikuwa ndani ya boma, kamba mkononi. Hakujua atazame wapi. "Ni mume wangu, dada."

"Nakuuliza wewe. Mumeo hajanivutia maji hata siku moja."

"Chukua ndoo yangu, basi, kabla hajatoka."

"Kabla hajatoka? Niibe maji katika kisima nilichokifagia toka siku nilipoolewa?" Mwanarusi akaigeuza ndoo yake, akaipiga tako. "Kunyweni. Mkibakisha, ogesheni hilo jicho."

Chome hakurusha ngumi. Alifanya jambo baya zaidi kwa mtu mwenye kijicho: alianza kuchimba kisima chake. Akafika kwenye maji, akajengea mdomo, na kila Chirau alipopita akaimba kwa sauti kubwa huku akiteka. Wakaacha kusalimiana. Kuku wa huku akivuka kule, alirudi na jiwe mgongoni. Hata msibani walikaa pembe mbalimbali, na aliyekuwa akigawa kahawa ilimbidi azunguke.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo kisa kilipo. Mengine yote ni kelele.

Siku moja Chirau alirudi kutoka kazini, akakiweka kidude uani kwenye mbuzi, kile kibao cha kukunia nazi, kikiwaka, kikiona mbingu. Akaingia kula. Akalala kidogo. Alipotoka akakichukua, akafungua ule ukurasa wa kioo unaochora njia uliyopita. Palikuwa na mchoro. Kibao cha mbuzi kilikuwa kimetoka matembezi! Kilikwenda kwa Chome, kikapitia barabarani, kikazunguka nyuma ya choo, kikarudi uani, kikatoka tena. Kibao chenyewe hakikusogea hata unywele. Makombo ya nazi yalikuwa palepale na kuku akiyadonoa.

Akakiuliza ile alama ya mpaka aliyokiwekea iko wapi. Kidude kikamwonyesha kwamba siku hiyo mpaka unapita chumbani mwake, kati ya kitanda na kabati: nguo zimebaki kwake, mke ameangukia kwa Chome.

 Kesho yake mashuani akamwuliza Tobias kama mtu anayeuliza habari za mtu mwingine.

"Hakijaharibika, buda, ndivyo kilivyo," Tobias alisema. "Wenye setilaiti wameichafua makusudi, adui zao wasiitumie kulenga shabaha. Inaweza kukosea hata mita mia. Huku baharini haina shida, tunatafuta samaki, hatutafuti mlango wa choo. Kwani rafiki yako alikuwa anapima nini?"

"Hakuna," Chirau alisema. "Alikuwa anacheza tu."

Mita mia! Baharini mita mia ni nini? Unageuza usukani, umefika. Shambani mita mia ni nyumba ya nduguyo, na jiko lake, na kaburi la baba yenu. Chirau alijua hivyo sasa. Minyaa alikuwa ameichoma ikawa majivu, lakini kisima kilikuwa bado kitamu, na miiba huondolewa kwa jioni moja. Angeweza kusema. Alikaa kitandani, kidude mapajani, Kanze akasimama mlangoni.

"Kinasemaje leo?"

Kinywa chake kikafunguka. Akawafikiria wazee waliosema kitaalamu. Akamfikiria Chome akisikia, na wimbo atakaomtungia.

"Kinasema vilevile," akajibu.

Kanze akamtazama, kisha akakitazama kibao cha mbuzi kule uani, kwa sababu na yeye si kipofu, na alikuwa amekiona kioo kabla yake. Hakusema kitu. Alikwisha ambiwa anyamaze.

Kiangazi kikaingia. Maji ya visima vyote yalishuka, kama yanavyoshuka kila kiangazi. Lakini mtu mwenye hila huona hila hata kwa jua. "Chome ananinyonya chini kwa chini," Chirau alisema, akashuka kisimani na mtaimbo. Akalifikia jiwe la baba yake. Kanze alikuwa juu, ameshika kamba.

"Baba alisema hapo ndipo mwisho!"

"Baba alisema mpaka uko kwenye minyaa. Iko wapi?"

Akaling'oa. Maji yakaja mengi, yakampanda mpaka kiunoni, akashangilia akiwa huko shimoni kama chura. Chome alisikia shangwe ile, na yeye, mtu mzima, aliyelisikia neno la baba kwa masikio yake mwenyewe, akaona hatakubali kushindwa. Akashuka chake, akazidisha kina. Chirau akazidisha tena. Wakawa wanachimba, huyu akisikia mtaimbo wa yule.

Asubuhi moja Kanze alimletea mumewe chai. Chirau akapiga funda, akaitema mpaka ukutani.

"Umetia chumvi badala ya sukari?"

"Nimetia maji," alisema Kanze.

Upande wa pili, Mwanarusi alikuwa akifua na sabuni haikutoa povu. Akaonja kidole. Akaketi chini, nguo mbichi mapajani.

Mipapai ilikufa kwanza. Kisha mboga. Mbuzi wa Chome walinusa karai, wakageuza vichwa. Wake wale wawili wakawa wanamngoja mwuza maji wa mkokoteni barabarani, Mwanarusi upande huu wa njia na Kanze upande ule, kila mmoja na dumu lake. Hawakuwa na kamba ya kuvuta pamoja tena, wala la kucheka.

Chirau alikaa na siri yake mpaka ikamchosha. Siku aliyokwenda kwa Chome hakubeba kidude. Alibeba mzigo wa vijiti vya mnyaa, alivyokata kwenye ua wa watu huko Kikoneni. Akasimama pale palipokuwa na kilango, ingawa hapakuwa na ua wa kumzuia.

"Shikamoo, kaka."

Chome aliendelea kusuka kamba.

"Kile kitu kilikuwa kinakosea. Hakikujua mpaka. Hakijui hata nyumba."

"Ulijua lini?"

Chirau angeweza kusema jana. Nani angembishia? "Kabla sijang'oa jiwe," akasema.

Chome aliweka chini kamba aliyokuwa akisuka. Alimtazama mdogo wake, jicho lile zima na lile lililobaki jekundu tangu siku ya utomvu.

"Mimi nilichimba kwa hasira, na hasira hiyo nitaijibu mbele ya Mungu. Lakini wewe ulikuwa unajua. Ungesema neno moja, tungekuwa tunakunywa." Akavitazama vijiti. "Panda, basi. Panda popote upendapo. Hapa, pale, mlangoni kwangu. Maji ni ya chumvi huku na huku."

Akainuka, akaingia ndani. Shikamoo ile haijapata marahaba yake mpaka leo ninapoandika.

FUNZO

Wenzangu, msije mkaondoka hapa mkisema vidude vya Wazungu ni vibaya. Kidude hakikuchukua panga. Kilikosea kama kilivyoumbwa kukosea, na kilipokosea kilionyesha kosa lake wazi, juu ya kibao cha mbuzi, mchana kweupe. Aliyeficha kosa ni mtu. Kukosea hakukuwaharibia wale ndugu kisima. Kilichokiharibu ni siku zile ambazo Chirau alijua na akanyamaza kwa kuogopa kuchekwa.

Basi ukikosea, sema upesi, ingali ni miiba tu ya kuondoa. Na chombo usichokielewa, sema hukielewi, hata kama una mvi na umekaribishwa chai; neno "kitaalamu" limewanyima maji watu wa nyumba mbili. Kucheka kwa majirani ni kwa siku moja au mbili, kisha wanapata mwingine wa kumcheka, na mara nyingi mimi ndiye nitakayewatafutia. Maji ya chumvi hayachoki.